Neno la Majaribio

Kazini walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja pale. Katika waandika programu saba wa kampuni ile, yeye peke yake ndiye aliyevuka miaka hamsini, na wale sita, ambao mkubwa wao hakuwa amefika thelathini, waliona haya kumwita kwa jina lake. Basi jina likamganda. Mkurugenzi naye alilitumia, na hata yeye mwenyewe akipiga simu alianza kwa kusema, "Ni mimi Shangazi," kama mtu aliyezaliwa nalo.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Meza zilikuwa kumi na mbili, watu hakuna. Tangu ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani itolewe, vijana walibeba kompyuta zao na hawakuonekana tena ila siku ya mkutano, na huo nao waliuhudhuria kwa mtandao, kamera zimezimwa, pengine wengine bado wamejifunika shuka. Shangazi ndiye aliyeendelea kuja. Saa mbili asubuhi alifungua mlango kwa ufunguo wake, akawasha taa ya upande wake tu, akaweka chupa ya chai kwenye meza ya jirani asiyekuwepo, akaanza kazi.

Mkurugenzi alimsifu kwa bidii. Haikuwa bidii. Mama yake, ambaye yeye alimuuguza miaka minne, alikuwa amefariki miezi saba nyuma, na nyumba ya watu wawili akibaki mmoja huwa kubwa kuliko nyumba ya watu kumi. Pale ofisini angalau friji ilinguruma, na kutoka chini zilipanda sauti za wauza magodoro wakibishana na wateja.

Kampuni ilitunza mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa. Kliniki kumi na moja zilikuwa zimewaandikisha humo watu wao wa presha na sukari, na kila mmoja, kwa siku yake na saa yake, alipata ujumbe kwenye simu: usisahau dawa, kesho njoo upimwe. Aliyeuandika mfumo huo ni bwana mmoja waliyemwita Profesa. Aliuandika peke yake mwaka mzima, kisha akapata kazi ng'ambo akaenda zake, nusu ya akili yake ameiacha ndani ya msimbo, yale maandishi ya programu, na nusu ameondoka nayo kichwani.

Kilichomsumbua Shangazi ni mipangilio. Programu yoyote ina mambo madogo madogo ambayo lazima iyajue kabla haijaanza kazi: seva ya kutuma ujumbe iko anwani gani, neno la siri ni lipi, kutuma kuanze saa ngapi, ujumbe ukishindikana ujaribiwe tena mara ngapi, na zaidi ya yote, leo tunafanya majaribio au tunasema na wagonjwa wa kweli. Mambo hayo hukaa pamoja kwenye faili moja, mtu akitaka kubadili saa abadili hapo na shughuli iishe. Profesa aliyatawanya kama anayewatupia kuku mtama. Saa ya kutuma ilikuwa imeandikwa mahali patano, na pawili kati ya hapo palipingana. Neno la siri lilikaa katikati ya msimbo, waziwazi, kila mwenye macho alione. Mahali pengine alikuwa ameandika pembeni, "Usiguse hapa, nitaeleza." Miaka sita ilipita na maelezo hayakuja.

Shangazi aliomba mara tatu apewe nafasi ya kuikusanya. Mara zote mkurugenzi alimjibu kwamba kinachotembea hakiitiwi fundi. Alikubali tu pale kliniki mbili zilipolalamika kwamba wagonjwa wao wanaamshwa na ujumbe saa kumi alfajiri.

Kazi ilichukua wiki tatu. Alinunua daftari, na kila mpangilio aliouokota aliuandika humo: jina lake, kazi yake, nani anaruhusiwa kuubadili. Profesa alipenda majina ya herufi tatu nne ambayo hata mganga asingeyafasiri, kwa hiyo Shangazi aliyabadili yote, kila kitu kikaitwa kwa kile kinachofanya. Aliipenda kazi ile kuliko alivyotaka kukiri. Nguo za mama yake zilikuwa bado kabatini, hajaweza kuzigusa. Lakini hapa aliweza kutoa kitu, kukitazama, kukipa jina na kukiweka mahali pake, macho makavu.

Mipangilio ikafika sitini na mmoja. Aliipanga katika mafaili mawili: moja la kazi halisi, jingine la majaribio. Katika lile la majaribio mpokeaji alikuwa mmoja tu, simu ndogo ya vitufe iliyokuwa mezani pake kwa kazi hiyo. Kulikuwa pia na mpangilio mmoja ambao ulimsimamisha kidogo. Ulihusu majibu ya wagonjwa, na Profesa alikuwa ameuweka hivi: yasipokewe, yatupwe. Kwenye faili la majaribio Shangazi aliugeuza, majibu yaonekane kwenye skrini, ili ajue kama njia inapitika kwenda na kurudi.

Jumanne saa nne asubuhi akawa tayari kujaribu.

Kila mwandika programu ana neno lake la majaribio. Vijana wale mmoja aliandika "moja mbili tatu", mwingine aliandika jina la timu yake hata mbele ya wateja. La Shangazi lilikuwa "Upo?" Mwaka wake wa mwisho mama yake hakuwa akitoka kitandani, na kila baada ya nusu saa aliita kutoka chumbani, "Upo?" Hakutaka maji, hakutaka kugeuzwa. Shangazi alijibu kutoka jikoni, "Nipo, mama," na mambo yakaishia hapo hadi nusu saa nyingine. Baada ya mazishi vidole vyake vilianza kuliandika neno lile vyenyewe, naye hakuvikataza.

Akaliandika, akabonyeza, akaitazama simu ndogo. Simu ikakaa kimya. Akahesabu hadi kumi. Kisha akainua macho kwenye skrini, penye idadi ya ujumbe uliotumwa, ambapo alitarajia kuona moja. Paliandikwa mia moja na themanini. Akiwa anatazama ikawa mia mbili na hamsini.

Hakupiga kelele, maana hata angepiga nani angesikia? Alifungua lile faili lake jipya, akachukua anwani ya seva na neno la siri, akaingia na kuuzima mtambo wa kutuma. Mwezi mmoja nyuma angekuwa bado anatafuta neno hilo la siri liko pango gani. Hata hivyo, mpaka unazimika, ujumbe ulikuwa umewafikia watu elfu moja mia sita na arobaini.

Kosa alilipata baada ya robo saa. Alipobadili majina ya mipangilio aliyatafuta yale ya zamani katika msimbo wote, lakini mahali pamoja Profesa hakuwa ameliandika jina zima. Aliliunga kutoka vipande viwili, na mtafutaji wa jina zima hawezi kuona vipande. Hapo programu ilitafuta mpokeaji kwa jina la zamani, ikamkosa, na Profesa alikuwa ameiagiza kwamba ikimkosa mpokeaji ichukue orodha ya kweli. Juu ya mstari ule aliandika, "Kwa usalama."

Wakati huo majibu yalikuwa yameanza kuingia.

"Nipo."

"Nipo, nani mwenzangu?"

"Umekosea namba."

"Nipo kazini nitakupigia."

"Nipo ila dawa zimeisha tangu wiki iliyopita."

"Kumbe bado unanikumbuka."

"Nipo mwanangu, umepotea sana. Uko wapi siku hizi?"

Yalikuja kama mvua ya mawe juu ya bati, kwanza moja moja, kisha yasiyohesabika. Shangazi aliyasoma akiwa ameshika ukingo wa meza. Wengine walitukana, na hao walimpa nafuu. Waliomuumiza ni waliojibu haraka mno, sekunde nne, sekunde tano, kama watu waliokuwa wameshika simu mkononi wakingoja mtu yeyote aulize.

Akapiga simu kwa mkurugenzi.

"Bosi, nimeharibu. Ujumbe wa majaribio umekwenda kwa wagonjwa."

"Wangapi?"

"Elfu moja mia sita na arobaini. Nimeshauzima mtambo."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Ujumbe unasemaje? Isije ikawa tusi."

"Upo."

"Nipo, nakusikiliza. Unasemaje?"

"Ndio ujumbe wenyewe, bosi. Upo."

Akasikia kitu kama kicheko kilichomezwa. "Haya. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, lakini ulimi umeshajikwaa. Tutume samahani, tuseme mtandao ulileta hitilafu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mtandao haukufanya kitu," Shangazi alisema. "Tukiusingizia, palipo na kosa patabaki vile vile, na siku nyingine litatoka neno baya kuliko hili."

"Unataka nimwambie mteja kwamba fundi wangu amekosea?"

"Ndiyo. Maana amekosea."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa simu za wateja. "Andika basi," alisema mwishowe. "Fupi. Na Profesa usimtaje."

"Simtaji. Mkono ulikuwa wangu."

Akaandika: "Ujumbe uliopita tumeutuma kwa makosa yetu. Tunaomba radhi. Kama una shida ya dawa, jibu hapa." Sentensi ya mwisho hakuagizwa. Safari hii aliutuma akiwa amesimama, na alisoma idadi moja baada ya nyingine mpaka ikakoma pale ilipopaswa kukoma.

Mpaka adhuhuri waliobaki ni ishirini na watatu, watu ambao usingeweza kuwaacha hivi hivi: walioishiwa dawa, wenye namba zilizobadilika, na yule mama aliyekuwa bado anauliza mwanawe yuko wapi. Bwana wa huduma kwa wateja, aliyefanyia kazi kwake huku mtoto akilia nyuma yake, alisema peke yake hawezi. Wakagawana. Shangazi akachukua kumi na mmoja.

Wa tisa alikuwa ameandika hivi: "Mwenye namba hii alifariki mwezi wa pili. Mimi ni mume wake. Mimi nipo."

Shangazi alikunywa chai kwanza, ingawa ilikuwa imepoa, ndipo akapiga.

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka kwenye mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa. Ule ujumbe wa asubuhi ni mimi niliyekosea."

"Marahaba, binti," sauti ilijibu, sauti ya mtu ambaye hajaongea tangu aamke. "Kwa hiyo hakuwa mtu."

"Alikuwa mtu, mzee. Ila hakukusudia."

"Aa. Basi si mbaya."

"Pole sana kwa msiba. Naona jina la mama bado limo kwenye orodha yetu. Ina maana kila wiki unapata..."

"Jumatatu na Alhamisi, saa moja jioni. Mama, usisahau dawa yako. Naujua kwa moyo."

"Hukuwaambia kliniki?"

"Niliwajibu hapo hapo kwenye simu. Mara mbili. Nikasema huyu hayupo tena. Hakuna aliyesema kitu, ujumbe ukaendelea kuja." Hakulaumu, alieleza tu, kama anayeeleza hali ya hewa. "Mwanzoni uliniudhi. Baadaye nikauzoea. Ukiingia najua saa moja imefika, nawasha taa, natenga chakula. La sivyo siku haina kona."

Shangazi alijua yale majibu mawili yalikwenda wapi. Yalitupwa, kama mpangilio ulivyoagiza, na hakuna binadamu aliyeyatia machoni. Akawaza ni mangapi mengine yametupwa kwa miaka sita.

"Mzee, nikuondolee hilo jina?"

Ilisikika redio mahali fulani ndani ya nyumba, ikisoma matangazo.

"Liondoe," alisema. "Marehemu hakumbushwi dawa. Lakini Alhamisi ipite kwanza."

"Nitaliondoa Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa ni sawa."

"Na wewe mwenyewe, mzee, hutumii dawa?"

"Presha ninayo, vidonge ninavyo. Nameza nikikumbuka."

"Basi pita kliniki muuguzi akuandikishe. Mimi siruhusiwi kuongeza jina la mtu."

"Tutaona," alisema, kwa namna ile wazee wanavyosema hapana. Kisha akauliza, "Binti, hapo ulipo mko wengi?"

Shangazi alizitazama meza kumi na mbili, vumbi lililotanda juu ya viti, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyejishughulisha kuitoa ukutani.

"Tuko saba," alisema.

"Vizuri. Mwenye wenzake hachoki." Akaaga, na Shangazi akabaki na simu sikioni kwa muda baada ya kukatika.

Siku mbili zilizofuata alifanya kile ambacho kingepaswa kuwa kimefanywa zamani. Aliufuta ule mstari wa "kwa usalama". Kuanzia sasa programu ikikosa mpangilio wowote ingegoma kuanza, na ingetaja kwa jina ni upi umekosekana. Ni bora ikae kimya kuliko kubahatisha. Akayasaka majina mengine yaliyoungwa vipande, akayapata manne, moja likiwa pale pale palipoandikwa "nitaeleza". Akaandika kurasa tisa za maelezo, kwa lugha ambayo hata asiye fundi angeifuata.

Alhamisi mchana aliwaeleza wenzake kwenye mkutano wa mtandao. Alisema kosa lilikuwa lake, akaonyesha lilivyotokea, akapitia mipangilio yote sitini na mmoja. Mbele yake palikuwa na uso wa mkurugenzi na miraba sita myeusi.

"Kuna swali?"

Mraba mmoja ulituma alama ya dole gumba. Mingine haikutuma kitu.

Mkurugenzi alibaki baada ya wengine kuondoka. "Kazi nzuri, Shangazi. Kliniki hazikulalamika kama nilivyoogopa. Mbili zimeuliza kama tunaweza kuutuma ujumbe ule kila mwezi."

"Haiwezekani," Shangazi alisema. "Tukiuliza lazima awepo wa kusoma majibu. Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Majibu yanatupwa tangu siku ya kwanza. Naomba yapokewe."

"Na nani atayasoma?"

"Huduma kwa wateja wapewe saa moja kwa siku. Wakizidiwa, mimi nitasaidia."

"Shangazi, wewe una kazi zako."

"Nafasi ninayo."

Mkurugenzi alimtazama kwenye skrini yake, na pengine kuna kitu aliona, maana alishusha macho. "Saa moja basi," alisema. "Tujaribu miezi mitatu." Ule mpangilio Shangazi aliubadili siku ile ile, neno moja tu, na pembeni akaandika tarehe na sababu.

Ijumaa asubuhi alilifungua jina la mke wa yule mzee. Aliliona jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, dawa mbili. Mfumo ukauliza kama ana uhakika. Alikuwa nao, lakini alikaa kitambo mkono uko juu ya kitufe, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona, kabla hajabonyeza. Kisha akamwandikia mzee kwamba tayari. Jibu lilikuwa neno moja, "Ahsante," na halikudai kuendelezwa.

Jumatatu iliyofuata, saa moja jioni, Shangazi alikuwa jikoni kwake anamenya viazi. Alimfikiria mzee yule na taa yake. Hakuweza kujua kama ameiwasha.

Zikapita wiki mbili na siku moja. Kila asubuhi sasa alipitia majibu yaliyofika tangu jana, mengi yakiwa "sawa" na "nashukuru", machache yakihitaji simu. Siku hiyo kliniki mojawapo ilikuwa imeandikisha watu wanne wapya. Wa tatu alikuwa mwanamume wa miaka sabini na mitatu, presha, namba ya simu ile ile iliyojibu "Mimi nipo." Kwenye nafasi ya saa anayopenda kukumbushwa, muuguzi alijaza saa moja jioni.

Shangazi aliusoma mstari ule mara mbili. Alihakikisha kwamba saa imeingia sawasawa na kwamba majibu yake yatapokewa. Hakumpigia, hapakuwa na sababu ya kikazi, na sababu nyingine hakujua angeitamkaje. Alitamani amwambie mtu. Akageuka kwenye kiti, kisha akageuka tena akatazama mbele.

Saa saba alikula alichobeba. Saa nane alifungua mfumo mwingine wa kampuni, ule wa maabara, ambao ulikuwa haujaguswa na mtu kwa miaka minne, akafungua ukurasa mweupe wa daftari, na kwenye mstari wa kwanza akaandika namba moja, na mbele yake jina la mpangilio wa kwanza.